Mkebe wa Njahi

Jumapili iliyopita nilimwaibisha mjukuu wangu kanisani, na mpaka leo sijamwomba msamaha. Nilikuwa nimemtembelea kwake mtaa wa Rhonda, pale Nakuru, na ikawa ni Jumapili ya mavuno. Baada ya ibada wakaanza mnada kama kawaida: mahindi, ndizi, kuku aliyefungwa miguu, na boga kubwa ambalo watu watatu waliligombania kwa vicheko. Halafu msichana wa miaka kama tisa hivi akaja mbele akiwa amekumbatia mkebe. Kijana aliyekuwa akiendesha mnada aliuinua juu, akachungulia, akatangaza kwamba ni njahi, yale maharagwe meusi yenye mstari mweupe, kisha akautikisa karibu na kipaza sauti ili tusikie mlio wake. Nikajikuta nimesimama.

"Hizo ni za nani?" nikauliza.

Kanisa lote likanigeukia. Kijana akacheka. "Shosho, saa hii ni za Bwana. Tuanze na ngapi?"

"Sijakuuliza wewe. Nauliza huyo mtoto. Umezitoa wapi?"

Mtoto akasema amepewa na mama yake. Mama yake akainua mkono kutoka viti vya nyuma, mwenyewe hajui kama amekosea ama hajakosea. Basi nikaketi. Mjukuu wangu, kwa aibu, akanunua ule mkebe haraka haraka ili mambo yaishe, na njia nzima ya kurudi nyumbani hakunisemesha. Hakuniuliza nilikuwa na nini. Vijana wa siku hizi ukifanya kitu cha ajabu wanasema ni uzee, wanakuletea chai. Wewe rafiki yangu una nafasi ya kusikiliza, kwa hiyo nitakuambia wewe.

Mimi nililelewa kwenye landhi za reli, vile vyumba vya wafanyakazi vilivyojengwa kwa mistari, chumba kimoja kwa kila jamaa, ukuta mmoja kwa majirani wawili. Baba alifanya kazi kwenye treni, leo yuko Kisumu, kesho yuko Nairobi. Mama alikuwa kwetu magharibi akilima shamba, kama walivyofanya wake wengi wa watu wa reli. Mimi nilikaa na Nyanya. Asubuhi tuliamshwa na mabehewa yakigongana stesheni, na harufu ya grisi iliingia mpaka kwenye uji. Tulikula ugali wa wimbi na omena, wale dagaa wa ziwani, na Jumapili moja moja tukakumbuka kwamba kuna nyama. Nikisema tulikuwa maskini nitakuwa nawapaka matope wazee wangu, maana Nyanya hakuwahi kulitumia neno hilo. Yeye alisema tumeazimwa kidogo.

Hiyo ndiyo ilikuwa dini yake yote. Kila asubuhi aliomba akiwa amesimama mlangoni, na maombi yake yalianza hivi: "Asante kwa kutuazima leo." Kabla ya kusonga ugali alichota konzi moja ya unga na kuitia kwenye debe la kanisa, la kusaidia wajane. Njiti ya kiberiti aliipasua katikati kwa wembe ikawa mbili. Maji ya kuosha mboga yalikwenda kwenye vitunguu, jivu la jikoni likasugua sufuria, na lililobaki likahifadhi mbegu. Ukimwaga chumvi ulipiga magoti ukaiokota. Nikilalamika aliniangalia kwa utulivu na kuniambia, "Mwenyewe yuko." Nilikua nikimwogopa huyo Mwenyewe kidogo, kwa sababu nilimwona kama mtu aliyesimama nyuma ya mlango akiangalia chumvi yake.

Ukuta mmoja nasi aliishi jirani yetu, mama Mkikuyu ambaye mume wake alipakua mizigo kwenye ghala la stesheni. Yeye na Nyanya walikuwa marafiki wa kweli, ingawa Kiswahili chao kilichechemea, kila mmoja akikivutia kwao. Walikaa kanisani benchi moja. Walilima bega kwa bega kwenye vile vishamba vilivyo kando ya reli, ambako watu wa landhi walipanda sukuma wiki, mahindi na maharagwe. Sehemu ya jirani ndiyo iliyopendeza kuliko zote, kwa sababu alikuwa na njahi zilizotambaa kwenye ua wa waya, zikatoa maua ya zambarau. Alikuwa akisema njahi ni chakula cha mama aliyejifungua, kwamba ndizo zinazoleta maziwa na kurudisha damu. Zake alizipata kwa mama yake, aliyezipata kwa mama yake. Zilikuwa ndogo kuliko za sokoni, nyeusi tititi, na ule mstari mweupe wa njahi ulikuwa mpana ajabu, umezunguka punje karibu yote.

"Nikizaa, Mama, utanipikia hii," alimwambia Nyanya, kwa sababu wakati huo alikuwa mjamzito.

"Nitakupikia mpaka uchoke," Nyanya akajibu.

Halafu ikaja ile miaka ya Hatari, serikali ya wazungu ilipowashuku Wakikuyu wote. Sitakueleza siasa zake, wengine wameeleza. Mimi nakumbuka vitu vya mtoto. Nakumbuka watu wamechuchumaa kwa mistari nje ya stesheni, mikono kichwani, jua limewaka. Nakumbuka tulivyofundishwa kutotaja majina ya watu barabarani. Mume wa jirani alikwenda kazini siku ya Jumatatu na hakurudi, na hakuna aliyeuliza kwa sauti alikwenda wapi. Baada ya hapo mama yule akawa anapika kwa moto mdogo, kama mtu anayeficha moshi.

Malori yalikuja asubuhi, sisi watoto tukienda shule. Wakikuyu waliambiwa wabebe wanachoweza, wanarudishwa kwao. Jirani yetu alitoka na furushi la nguo kichwani, tumbo liko mbele, na mkononi ana mkebe wa mafuta ya kupikia uliozibwa kwa kitambaa. Askari alimsukuma aende. Yeye akapinda akaja mlangoni kwetu.

"Mama, hii ni mbegu ya mama yangu. Usikubali ikufe. Ukipanda, uchukue ile mpya urudishe hapa kwa jivu. Nikirudi nitachukua."

Nyanya akaupokea kwa mikono miwili, kama tulivyofundishwa kupokea kitu cha mtu mzima. "Utaikuta," akasema.

Neno hilo moja tu, na lori likaondoka.

Tangu siku hiyo ule mkebe ulikaa chini ya kitanda cha Nyanya, upande wa kichwa. Mvua ikinyesha alizipanda njahi kwenye ua ule ule wa waya, akavuna, akachagua zilizo nzuri, akazichanganya na jivu ili wadudu wasizitoboe, akazirudisha. Sisi hatukuonja hata moja. Zilizozidi alizipelekea wanawake wa landhi waliojifungua, maana alisema ndiyo kazi yake zile mbegu na mwenyewe asingekataa. Watoto kadhaa wa mistari ile walinyonya maziwa ya njahi zile. Nyapara wa landhi hakupendezwa. Alikuja siku moja akasimama mlangoni na fimbo yake.

"Mama, hizi vitu za hao watu zitakuletea maneno."

"Ni njahi tu."

"Najua ni njahi. Lakini ni ya nani?"

Nyanya akarudi kwenye sufuria yake. Wiki hiyo hiyo askari wawili walikuja kupekua. Walipindua godoro, wakauchukua mkebe, wakaumwaga wote sakafuni, wakachokora jivu kwa ncha ya kiatu wakitafuta sijui risasi, sijui barua. Walipoondoka tulipiga magoti, mimi na Nyanya, tukaokota punje moja moja mpaka mgongo ukauma. Zilikuwa zimetapakaa chini ya vitanda, na ule mstari wao mweupe ndio uliozionyesha gizani. Nyanya alikuwa akiimba polepole wimbo wa kanisa, na aliumaliza ubeti baada ya ubeti bila kuinua kichwa.

Mwaka uliofuata ziwa lilikauka. Wewe unayelijua ziwa la Nakuru la leo, lililojaa mpaka likameza barabara, huwezi kuamini. Lilikuwa uwanja mweupe wa magadi, ndege wamekimbia, na upepo wa alasiri ukivuma ulilibeba lile vumbi mpaka mjini. Liliingia kwenye macho, kwenye unga, kwenye maji ya kunywa. Nguo zilianuliwa zikiwa ngumu. Watu walikohoa mistari yote, na wazee wakaanza kuutazama mlima Menengai na kunong'ona kwamba kuna kitu kimekasirika. Nyanya alipanda njahi, zikaota chache, zikazaa kwa shida. Mavuno yote ya mwaka ule, kila punje, yaliingia kwenye mkebe na hayakufika hata shingoni.

Wakati huo shangazi yangu akajifungua kule Longonot, ambako mume wake alikuwa kazini stesheni. Nyanya akafunga safari ya treni kwenda kumwangalia. Nilidhani atabeba njahi, kwa vile ni binti yake wa kumzaa. Aliutoa mkebe, akautazama kwa muda, akaurudisha chini ya kitanda.

"Hizi ni mbegu," akasema. "Nikichota, mwaka ujao nitapanda nini?" Kisha akanishika bega. "Baba yako ni wa kuja na kuenda. Mkebe nakuachia wewe."

Nilikuwa na miaka tisa, na hakuna aliyewahi kuniachia kitu kikubwa kuliko funguo. Nilitembea mabega juu siku tatu nzima.

Sasa sikiliza nilivyoharibu. Jumapili ya mavuno ilikuwa karibu, ingawa mwaka ule mavuno yalikuwa jina tu. Mwalimu wetu wa watoto kanisani, mwanamume mkali mwenye koti moja, alitufundisha juu ya utunzaji. Kila ulicho nacho ni cha Mungu, alisema. Wewe ni mtunzaji wake. Mtunzaji mbaya hukumbatia, mtunzaji mwema humrudishia. Akatuangalia mmoja mmoja na kusema kwamba Jumapili hataki kuona mtoto akija mbele mikono mitupu. Mwaka uliotangulia nilipeleka boga dogo, na msichana wa mstari wa pili alilicheka mpaka wenzake wakalipa jina. Nyumbani hatukuwa na kitu. Unga ulikuwa wa kupima. Vitunguu vilikuwa vimekufa kwa magadi.

Nikapiga hesabu zangu za kitoto, na mpaka leo nikizipitia sioni pahali mtoto angegundua kosa. Nyanya anasema kila kitu tumeazimwa na Mungu. Mwalimu anasema kila kitu ni cha Mungu. Basi njahi nazo ni za Mungu. Mwenye kuzirudisha kwa Mungu amemwibia nani? Tena nilijiambia Nyanya atafurahi, kwamba atakuta nimefanya kitu kikubwa kuliko kulinda. Sitakudanganya, nilikuwa pia nikimfikiria yule msichana wa mstari wa pili.

Jumamosi nikazimwaga kwenye ungo, nikapepeta jivu lote. Nikaziosha kwa maji yetu machache ili zing'ae. Zikang'aa kweli. Nikazianika, nikazirudisha kwenye mkebe ambao nao nilikuwa nimeusugua, na Jumapili nikatembea mbele nikiwa nimevaa gauni la kitambaa cha mama. Mwalimu aliweka mkono kichwani kwangu. "Huyu ametoa," akasema. Nikasikia makofi, na masikio yangu yakawa ya moto kwa raha.

Niligeuka kurudi kwenye benchi ndipo nikaona kina mama wa landhi. Hawakupiga makofi. Mmoja wao alikuwa na mtoto mgongoni, mtoto wa maziwa ya njahi zile, na alinitazama kwa macho ambayo sijayasahau, kisha akayateremsha. Nikaketi. Nilitaka kwenda kuuchukua mkebe wangu, lakini nani huenda mbele ya madhabahu akachukua kitu? Mnada ukaanza. Mzee mmoja wa kanisa aliyekaa mtaa wa Bondeni ndiye aliyezinunua, akamimina njahi kwenye kikapu chake na kunirudishia mkebe kwa tabasamu.

Nilimfuata. Nilimfuata mpaka Bondeni nikiwa nyuma hatua ishirini, nikitafuta maneno. Nilizungukazunguka nje ya nyumba yake kwa muda mrefu mno. Nilipopiga hodi hatimaye, harufu ilinipokea mlangoni. Mke wake, mama mnene mwenye huruma, aliniona nimesimama na mkebe mtupu akadhani ni njaa. Alinivuta ndani, akanikalisha, akaniwekea sahani. Njahi zilikuwa zimeiva, zimepondwa na viazi na ndizi. "Kula, mtoto, si ni wewe umezileta," akasema. Na mimi nikala. Kwanza nilikula kwa woga, na baadaye nilikula kwa kula. Nilimaliza sahani nzima.

Nyanya alikuwa arudi baada ya siku nne. Nikafanya jambo ambalo hakuna mwalimu aliyenifundisha. Nilikwenda relini nikaokota kokoto ndogo ndogo, nikazitia kwenye mkebe, nikajaza jivu juu, nikaufunga kwa kile kitambaa chake na kuurudisha chini ya kitanda. Nyanya aliporudi kitu cha kwanza ni kuinama. Aliunyanyua mkebe, akaupima kwa mkono, akautikisa karibu na sikio. Ukalia. Akatabasamu na kunipa andazi aliloniletea kutoka Longonot, limefungwa kwenye leso.

Utauliza ilikuwaje asiambiwe. Nami nilijiuliza hivyo kila siku. Nilingoja mama mmoja afungue mdomo pale bombani, na kila nilipomwona Nyanya anateka maji na wenzake nilikimbia chooni. Hakuna aliyesema. Siku zile kitu chochote cha wale waliochukuliwa hakikutajwa, hata kwa marafiki, na nadhani walidhani Nyanya mwenyewe ameamua kujitoa kwenye hatari ile, wakaona wamstahi kwa kunyamaza. Woga wa watu wazima ndio uliofunika wizi wangu.

Mbegu hupandwa mvua ikija. Hilo nililielewa vizuri. Kwa hiyo nikaanza kuomba mvua isije.

Usicheke. Kanisa zima lilikuwa likifanya maombi ya mvua kila Jumatano alasiri, watu wamepiga magoti kwenye sakafu iliyofunikwa na vumbi la ziwa, wanalia. Na mimi katikati yao, ubavuni kwa Nyanya, macho nimefumba kwa nguvu, nikisema ndani yangu: Mungu, ngoja kwanza. Na haikuja. Desemba haikuja, Januari haikuja. Ng'ombe walianza kuanguka kwenye mashamba ya wazungu, tukaona malori yakipita na mizoga. Mtoto mchanga wa mstari wa nne alikohoa wiki mbili akafa, na nilipomwona mama yake akifunga kijisanduku nilijua ni mimi. Nilijua Mungu amenisikiliza mimi akawaacha wale wengine wote. Hakuna mzigo niliowahi kuubeba uliokuwa mzito kama huo, na nimezika mume na watoto wawili. Usiku nilijaribu kugeuza maombi, niseme mvua ije, na mdomo ukakataa.

Ikaja mwishoni mwa Machi. Ilianzia Menengai kwa ngurumo, ikashuka alasiri moja ikatupiga mpaka mifereji ikabubujika matope meupe. Watu walitoka nje wakacheza. Nyanya alicheza pia, mikono juu, nguo imemganda mwilini. Mimi nilikaa ndani kitandani nikimsikiliza.

Asubuhi alichukua jembe na mkebe. Nikamfuata mpaka kwenye ua wa waya kwa sababu sikuwa na pahali pa kukimbilia. Alichimba vishimo, akapiga magoti, akafungua kitambaa, akatia mkono kwenye jivu. Mkono ukatoka na kokoto. Akaiangalia. Akaiweka chini kwa upole, akatia mkono tena, akatoa nyingine. Alitoa ya tatu na ya nne. Halafu akaumwaga mkebe wote mapajani mwake, akapapasa lile jivu mpaka mwisho.

Sikungoja aulize. Nilimwambia mwalimu alivyosema, nikamwambia mnada na mzee wa Bondeni. Sahani sikuitaja. Alinisikiliza bila kunikatiza, mvua ya rasharasha ikimwangukia, jivu likawa tope jeusi kwenye nguo yake.

"Umechukua kitu ya mtu ukapatia Mungu," akasema hatimaye. "Sasa Mungu atafanya nini nayo?"

Nikalia. Nilitaka anipige, nikamwambia hata anipige. Alikuwa amekwisha kuniacha, anatembea kuelekea landhi na ule mkebe. Siku ile na siku iliyofuata alibisha milango yote ya waliojifungua, akiuliza kama kuna aliyebakiza punje, hata moja, hata iliyotobolewa. Alikwenda mpaka Bondeni. Zote zilikuwa zimepikwa, kama Nyanya mwenyewe alivyotaka alipozigawa. Aliporudi aliuosha mkebe, akaufuta, akauweka chini ya kitanda pale pale, mtupu.

Hakunipiga kamwe, wala hakulitaja tena jambo lile. Ila hakuniachia kitu. Akisafiri funguo alimwachia jirani mpya. Konzi ya unga aliitia yeye, mkono wangu hakuutaka kwenye lile debe. Aliendelea kunipikia, kunisuka, kuniombea, akinipenda kama zamani. Mtu anaweza kukupenda sana na asikuachie hata chumvi, na mimi niliishi hivyo miaka minne.

Na miaka yote minne, ukisikika mguu usioujua ukikaribia mlango wetu, sote wawili tuliacha tulichokuwa tukifanya.

Mama yule alikuja mchana, tukichambua mboga. Hatari ilikuwa inaisha, watu wameanza kurudi mmoja mmoja. Alikuwa amekonda hata nikamtambua kwa sauti tu, na alikuwa ameshika mkono wa msichana mdogo mwenye miguu myembamba. Yeye na Nyanya walishikana, wakalia, wakaketi, wakaulizana habari za waliokufa. Mumewe hakurudi. Kule walikopelekwa walijaa kwenye kijiji kilichozungushiwa mtaro, shamba la mama yake likawa si lake, na kila mbegu aliyoijua ililiwa wakati wa njaa.

"Huyu nilizaa huko," akasema akimgusa mtoto. "Nilipewa uji ya mahindi tu. Akilia, namwambia nyamaza, Nakuru tuko na mkebe."

Nyanya aliinuka, akapiga magoti kando ya kitanda, akautoa. Alimpa kwa mikono miwili. Kisha akanigeukia. "Kuja," akasema. "Hii ndiyo kazi nakuachia."

Nilisimama nikaeleza. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine. Mama yule alikuwa amekwisha kufungua kitambaa na kuona. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa na vidole vyake ndani ya mkebe, vikizunguka ule utupu wa chini polepole. Mtoto wake alinyanyuka kwa ncha za vidole achungulie. Nyanya alisema, "Nilikuambia utaikuta."

Hakukasirika. Laiti angekasirika. Alikunywa chai aliyopewa, akasema safari ni ndefu, akajifunga leso yake. Mkebe aliubeba. Alipofika mlangoni alisimama, akanitazama mimi, na akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeulizia habari za nyumbani kwao.

"Zilikuwa tamu?"

Nyanya akaniangalia. Yeye hakujua kwamba nilizila. Nilikuwa nimemficha miaka minne, na hapo ningeweza kusema sijui, maana mimi nilitoa tu.

"Zilikuwa tamu," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole, akaushika mkono wa mwanawe, wakaenda. Nyanya alirudi kwenye mboga. Kesho yake asubuhi, kabla ya kusonga ugali, alisukuma debe la kanisa mbele yangu akasema nitie konzi.

Mistari ile ya landhi sasa imekaliwa na watu nisiowajua, na vile vishamba vya reli vimejaa vibanda. Nyanya amelala kwetu magharibi miaka mingi. Ziwa limerudi na kupita mipaka yake. Njahi zipo tele, kila soko la Nakuru, na sipiti gunia bila kutia mkono na kutazama ule mstari. Nimetazama Naivasha, nimetazama Nyahururu, nimetazama mpaka upande wa Murang'a. Sijawahi kuziona zile za mstari mpana tena.

Jioni ile ya Jumapili mjukuu wangu alichemsha nusu ya zile alizonunua, akaniwekea sahani. Nilimwambia mimi sili njahi. Akanitazama, akachoka nami. "Sasa Shosho, si ulikuwa unazitaka?" Nilimwomba aniletee zile mbichi zilizobaki, nikazimwaga kwenye kanga, nikavaa miwani, nikazipitia moja moja mpaka chakula kikapoa. Mstari wao ulikuwa mwembamba.